Mtoto akiuliza kwa nini walinyongwa

Kwa familia ya Lundo, kwenda Makumbusho ya Majimaji mjini Songea ni safari ya kutwa. Gari hupandwa alfajiri, lipite Mbamba Bay, likate kona za milima ya Umatengo hadi Mbinga, ndipo Songea. Wazazi wengi hujiandaa kwa nauli na chakula. Wachache hujiandaa kwa swali la mtoto mbele ya kaburi.

Pale mtoto ataona sanamu za mashujaa wa Kingoni, silaha za vita vya mwaka 1905 hadi 1907, na kaburi la pamoja. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga wapiganaji 67. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa, na ukoo wake unasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba radhi.

Mzazi aseme nini? Inategemea umri.

Mtoto wa chini ya miaka sita bado haelewi vizuri kwamba aliyekufa harudi. Anaweza kudhani askari wale watakuja usiku kwao. Anatosheka na maneno machache: watu hawa walitetea nchi yao wakauawa, ilikuwa zamani sana, leo tuko salama. Asilazimishwe kusogea kaburini.

Wa shule ya msingi aambiwe ukweli, bila kuelezewa mateso kwa undani. Atauliza pia kuhusu maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Asiachwe awacheke babu zake: walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kazi za kulazimishwa, na imani ile iliunganisha makabila mengi. Hapo pia ni pazuri kumweleza kwa nini leo dawa hupimwa kwanza kabla ya kupewa mgonjwa.

Kijana wa sekondari aelezwe jambo ambalo sanamu hazionyeshi: wengi hawakufa kwa risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa na maradhi vikaua watu kwa makumi ya maelfu, watoto wakiwamo.

Kuhusu njia, kona za Umatengo hutapisha watoto. Wale chakula chepesi, wakae viti vya mbele, watazame mbali na waache simu. Dawa ya kichefuchefu ya mtu mzima asipewe mtoto bila ushauri wa mfamasia au mganga wa zahanati.

Wakirudi, ndoto mbaya za siku mbili tatu si ajabu. Asikilizwe, alale karibu na mkubwa. Zikiendelea kwa wiki kadhaa, au akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, apelekwe kituo cha afya.

Kila Februari 27 makumbusho hujaa watu kwa kumbukumbu ya mashujaa. Kwa wadogo, siku ya kawaida ni bora: kuna utulivu, na mzazi anapata nafasi ya kujibu.