Gitaa Lililonyamazishwa Timbuktu

Januari 2012, bendi ya Tinariwen ilipanda jukwaani nje ya mji wa Timbuktu, nchini Mali, katika Tamasha la Jangwani. Watu walikuwa wamekuja kutoka pande zote za Sahara, na wageni kutoka Ulaya na Marekani pia, ingawa Novemba iliyotangulia watalii walikuwa wametekwa nyara mjini humo na mmoja wao akauawa. Bono, mwimbaji wa bendi ya U2 ya Ireland, alipanda jukwaani akaimba pamoja nao. Tamasha lilikwisha tarehe 14. Tarehe 17 vita vikaanza.

Usiku ule wafaa kukumbukwa si kwa sababu ya mgeni huyo mashuhuri, bali kwa yale yaliyofuata. Na ili kuyaelewa, hatuna budi kwanza kuijua bendi yenyewe.

Tinariwen, maana yake majangwa, ni Waislamu wa kabila la Watuareg. Kiongozi wao, Ibrahim Ag Alhabib, alikuwa mtoto mdogo baba yake alipouawa katika maasi ya 1963 dhidi ya serikali ya Mali. Gitaa lake la kwanza alijiundia kwa kopo, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Katika miaka ya 1980 yeye na wenziwe walikuwa katika kambi za kijeshi nchini Libya, na kanda zao zilikuwa zikipita mkono kwa mkono jangwani kote, zikibeba habari na malalamiko ya watu wasiokuwa na gazeti wala redio yao. Maasi ya 1990 yalipozuka, baadhi yao walishika bunduki. Hapana ajabu basi kwamba wakubwa wa serikali waliziona nyimbo hizo kuwa uchochezi.

Amani ilipopatikana, silaha zipatazo 3,000 zilichomwa moto hadharani mjini Timbuktu mwaka 1996. Miaka mitano baadaye Tamasha la Jangwani likaanzishwa, na wale waliopigana wakawa wanakutana kwa ngoma.

Aprili 2012 Timbuktu ilianguka mikononi mwa waasi. Muda si muda kundi la Ansar Dine na washirika wake likashika hatamu, na muziki ukapigwa marufuku. Redio zikanyamaza, vyombo vikachomwa. Na kiongozi wa Ansar Dine alikuwa nani? Iyad Ag Ghaly, yule yule aliyeongoza maasi ya 1990, ambayo gitaa za Tinariwen ziliyapa sauti!

Sisi wa pwani si wageni wa mjadala huu. Mintarafu ya ala za muziki, wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani, na Mwislamu anayejiepusha nazo kwa dhamiri yake ana hoja ya kuheshimiwa. Huko Lamu, Habib Swaleh alipoingiza matari katika maulidi ya Riyadha, wapo waliompinga vikali. Lakini ubishi ule ulikuwa wa darasani na barazani. Aliyeyakubali matari aliyafuata. Asiyeyataka alisoma maulidi yake kwa namna aliyoizoea.

Timbuktu nayo ni mji wa darasa. Msikiti wake wa Sankore ulisifika kwa elimu karne nyingi, na majumba yake yalijaa miswada ya kale. Hata hivyo mwaka 2012 hapakuwa na darasa lililoulizwa. Makundi hayo hayo yalibomoa makaburi ya mawalii wa mji, kosa ambalo mwaka 2016 Ahmad al-Faqi al-Mahdi alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kifungo cha miaka tisa. Kwa hiyo gitaa halikunyamazishwa kwa hoja. Lilinyamazishwa na mwenye bunduki, kama vile zamani lilivyoogopwa na mwenye serikali. Sababu zao zilikuwa mbali mbali, lakini wote walichukia jambo moja: watu kujisemea wenyewe.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Tinariwen walipisha. Albamu yao ya Emmaar, iliyotoka 2014, waliirekodi California, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na usalama. Watu ambao jina lao ni majangwa wakalazimika kuazima jangwa la wenyewe.