Tuache Kuuliza Ufa Una Kina Gani

Mjadala wa sanaa ya kisasa ukianza tu, lazima atokee mtu wa kutaja ule ufa wa London. Anautaja kama kichekesho: "Eti sakafu imepasuka, nayo ni sanaa! Basi kwangu ni makumbusho." Watu wanacheka, mazungumzo yanaishia hapo. Kicheko hicho kimenichosha. Tena naona sisi wapenzi wa fasihi ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kukikataa.

Tuanze na ufa wenyewe. Oktoba 2007, Doris Salcedo, msanii wa Kolombia, alifungua kazi yake katika Ukumbi wa Turbine wa Tate Modern. Jumba hilo lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme kabla ya kugeuzwa makumbusho mwaka 2000. Waliomtangulia ukumbini humo walishindana na ukubwa wake: Olafur Eliasson aliweka jua bandia, Carsten Höller akaweka mabomba ya watu kuteleza. Salcedo aliuacha mtupu, akapasua sakafu. Ufa ulianza mwembamba kama unywele, ukapanuka, ukapinda, ukatoa matawi, mpaka ukafika mita 167. Ukichungulia ndani uliona wavu wa waya umeshikana na zege, kama ule wa uzio. Akauita Shibboleth.

Watu wakauliza nini? Umechimbwaje? Una kina gani? Wamevunja sakafu kweli au ni kiinimacho? Salcedo alikataa kueleza jinsi ulivyotengenezwa. Alichotaka kuzungumzia ni mipaka, wahamiaji na chuki ya rangi. Lakini wapi! Swali likabaki lilelile la kina.

Swali la kina ni la fundi, wala si baya. Ila msomaji ana swali lake, nalo linaanzia kwenye jina. Jina hilo linatoka katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi wamewashinda Waefraimu, wakashika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja tu, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitoa ile "sh". Wakasema Sibolethi, na hapo hapo wakauawa. Kitabu kinataja watu 42,000. Herufi moja!

Sasa niambie, kazi yenye jina hilo ingetundikwa ukutani kwenye fremu ingefanya nini? Ungeipita ukaenda kunywa kahawa. Salcedo aliiweka chini ya miguu yako, ndani ya taasisi inayohifadhi historia ya sanaa ya kisasa, historia ambayo kwa muda mrefu iliandikwa kana kwamba watu wa Bogotá au Mombasa hawamo. Ili uupite ukumbi ilibidi uchague upande, au uruke. Kuna walioteguka na kuumia kidogo. Mahali penyewe ndipo hoja ilipo. Ukiuhamisha ufa huo kwenda kwingine, unabaki na shimo.

Na kalenda nayo inasema kitu. Ufa ulikuwa wazi hadi Aprili 2008. Katika miezi hiyohiyo, hapa kwetu Afrika Mashariki, Kenya iliwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki ilihesabu waliouawa 1,133. Kwenye vizuizi vya barabarani watu waliulizwa kitambulisho ili jina lisomwe, na asiyeeleweka kwa jina alipimwa kwa lugha. Yordani haikuwa mbali hata kidogo. Kwa hiyo anayeniambia ufa ule ni mchezo wa Wazungu walioshiba, namuomba asome tarehe.

Hata huko Uingereza kwenyewe, Wabajuni waliokimbia visiwa vya kusini mwa Somalia wakaomba hifadhi walipimwa kwa ulimi. Anasema Kibajuni cha upande gani wa mpaka? Mbona Kisomali chake si kizuri? Mtu amevuka bahari, halafu hatima yake inategemea irabu na konsonanti. Ndugu zetu wa Kiswahili hao, na lahaja yao ndiyo iliyowekwa kwenye mizani.

Lakini mimi sikuja hapa kuwanyooshea kidole Waingereza tu. Dholuo haina sauti ya "sh". Mwenye lugha hiyo anaweza kusema "samba" akikusudia shamba. Ni kosa lilelile la Waefraimu, kwa herufi ileile, na sisi tumelifanya mzaha wa redioni na jukwaani kwa miaka. Mwingine akichanganya "r" na "l", kalamu ikawa karamu, ukumbi mzima unavunjika mbavu. Kwenye vikao vya fasihi nimesikia riwaya nzima ikifutwa kwa sentensi moja: "Kiswahili chake cha bara." Mkosoaji hajagusa muhusika wala msuko. Amesikiliza lafudhi, akafunga kivuko.

Najua nitajibiwa kwamba lugha lazima iwe na usanifu. Kweli, na mhariri afanye kazi yake. Tahajia irekebishwe, upatanisho wa ngeli urekebishwe. Hiyo ni kazi juu ya maandishi. Kumcheka mtu kwa mdomo aliolelewa nao ni jambo jingine, na tofauti yake tunaijua vizuri, tusijifanye.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaipenda methali hii kwa sababu inatuharakisha kwenye saruji. Pale Tate waliziba mwaka 2008, na alama imebaki sakafuni mpaka leo; watu wanaikanyaga wakielekea kwenye maonyesho mengine. Salcedo hakuwa na haraka ya kuziba. Alitaka kwanza tukubali kwamba ufa upo, na kwamba umechimbwa na watu.

Basi mtu akiniletea tena kile kichekesho cha sakafu, sitamweleza kina. Nitamuuliza mara ya mwisho alimcheka nani kwa namna anavyotamka, na huyo aliyechekwa aliwahi kurudi kwenye kikao chenu?