Mali Bila Daftari

Katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 mna mfano mfupi kuliko hekaya yoyote ya Abunuwasi. Mtu anamwagiza mwenzake amnunulie nyumba fulani. Mjumbe anarudi na kusema nyumba ile hainunuliki, kisha anainunua mwenyewe. Siri ikifichuka, aliyemtuma anaweza kumlazimisha amuuzie nyumba hiyo kwa bei ileile aliyoinunulia. Ujanja wote unakwenda bure.

Sheria hiyo ilitumika Tanganyika hadi ilipotungwa Sheria ya Mikataba ya 1961, ambayo leo ni Sura ya 345 ya sheria za Tanzania, na kanuni zake za uwakala zikarithiwa. Mchezo nao ukarithiwa, ila siku hizi wachezaji ni ndugu. Tuseme dada yuko Muscat, kaka yuko Tanga na hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili. Fedha zinatumwa kila mwezi, msingi unachimbwa, picha zinakuja kwa WhatsApp. Dada anarudi likizo, anaonyeshwa nyumba, anauliza hati ya kiwanja, anakuta jina la kaka.

Kosa huanzia kwenye namna tunavyoisoma hati ya uwakilishi. Tunasoma kununua, kuuza, kupokea, kusaini, na tunaona madaraka. Sheria inaona mzigo. Mwakilishi hufuata maagizo, hutunza mali kwa uangalifu, hutoa hesabu anapodaiwa, na hukabidhi kila alichopokea kwa niaba ya mwenyewe. Akitaka kununua mali aliyopewa auze, aseme kwanza yote anayoyajua kuihusu. Sheria ileile ya 1872 ina mfano wa aliyepewa shamba aliuze, akagundua lina machimbo ya madini, akanyamaza, akaomba alinunue yeye. Alikubaliwa, lakini ruhusa hiyo haimkingi, kwa kuwa mwenye shamba aliridhia jambo asilolijua.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mahakamani, sisi tuna udugu. Lakini fiqhi iliyosomwa pwani yetu kwa karne nyingi inamhesabu wakala kuwa mtu aliyewekewa amana: mali ikipotea bila uzembe wake halipi, akiifanyia hiana analipa. Na wahenga wetu, ambao hawakusubiri bunge, walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hoja yetu katika toleo hili ni kwamba daftari halivunji udugu. Anayelihitaji zaidi ni kaka mwaminifu. Saruji ikipanda bei, fundi akitoroka na malipo ya awali, risiti ndizo zitakazomsemea mbele ya dada na mbele ya ukoo. Asiyeweka hesabu, hata kama hakuiba senti, hana cha kuonyesha isipokuwa kiapo.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba hati hufa pamoja na aliyeitoa, na hukoma pia akili zake zinapomtoka. Watoto wanaouza shamba la marehemu mama kwa karatasi aliyoisaini akiwa hai wanauza kwa mamlaka yaliyokwisha kuzikwa. Njia yao ni mirathi, yenye msimamizi aliyethibitishwa na mahakama.

Makala zinazofuata zinaieleza hati tangu kuandikwa hadi kubatilishwa. Kabla hujazifikia, tunakuomba jambo moja. Kama unakusudia kumpa ndugu yako hati ya uwakilishi, ongeza mstari usemao kwamba kila baada ya miezi mitatu atakuletea hesabu kwa maandishi, pamoja na risiti. Akiukubali, nyote wawili mmepata kinga. Akiukasirikia, umepata habari mapema, kabla mali haijatoka mkononi.

Mhariri