Maganda ya chungwa tunatupa, mamaledi tunanunua

Leo naongelea pombe, ila sio umbea wa baa. Kama hujafika miaka 18, soma habari za jamu tu, zingine ruka.

Mshikaji wangu karudi hapa Tabora kutoka Dar na ujuzi mpya: kokteli ya jini na mamaledi, ile jamu ya machungwa yenye vipande vya maganda. Kazi yenyewe nyepesi. Vijiko viwili vya chai vya mamaledi, kipimo kimoja cha jini, maji ya nusu ndimu, barafu. Tia vyote kwenye chupa ya mdomo mpana, funga, tikisa mpaka chupa iwe ya baridi mkononi, chuja na chujio la chai. Uchungu wa ganda unakata utamu wa sukari. Jini ilipoisha tukatumia Konyagi, ikakubali vilevile.

Tatizo nililiona nilipogeuza ile chupa ya mamaledi. Imetoka nje ya nchi. Jini nayo ya nje. Konyagi ya Dar. Cha sokoni kwetu kilikuwa ndimu tu!

Sasa nenda stendi ukaone. Muuza machungwa anamenya, ganda linatoka kama utepe, chungwa linabaki jeupe. Machungwa yenyewe mengine yamesafiri kutoka Muheza kule Tanga. Maganda yanarundikana chini, jioni yanafagiliwa. Jamani, lile ganda ndio mamaledi yenyewe! Tunalitupa, halafu tunalinunua likiwa ndani ya chupa.

Mambo haya kwenye njia yetu hayajaanza leo. Mwaka 1871 Stanley alipita hapa Unyanyembe akielekea Ujiji, na kwenye mizigo yake kulikuwa na chupa ya shampeni. Aliifungua siku alipokutana na Livingstone, wakanywa wawili. Walioibeba toka pwani ni wapagazi. Enzi hizo kutoka pwani zilikuja nguo, shanga na nyaya, kwenda pwani zikashuka pembe za ndovu na watumwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini mwendo ni ule ule: tunapakia mali ghafi, tunapokea vilivyofungwa vizuri.

Na treni nyingine inakuja. Ya SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa 2021. Swali langu: ikifika, itapakia nini hapa? Asali tunayo, na wengine wanaiuza vizuri. Embe je? Miembe imejipanga kwenye njia ya misafara tangu enzi za Waarabu, na kila msimu embe zinaoza chini.

Najua kuna atakayesema, basi tupike na pombe kali yetu wenyewe. Taratibu ndugu. Gongo bila leseni ni kosa, Sheria ya Moshi ipo tangu 1966. Na sio sheria tu. Mwaka 2010 kule Kabale, Uganda, makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye methanoli. Methanoli inapofusha na inaua, na ukitia jamu kwenye gongo unaficha harufu tu, sumu iko palepale. Usijaribu.

Lakini tuwe wakweli. Uganda mwaka 1965 walitunga sheria ya enguli: mpikaji achukue leseni, auzie kiwanda, na kiwanda kikatoa Uganda Waragi. Nairobi siku hizi kuna jini inaitwa Procera, inatiwa vitunda vya mwangati, mti ambao hata Lushoto upo. Sisi tarehe 1 Machi 2017 tulipiga marufuku viroba. Sawa, viliharibu vijana wengi, mimi naunga mkono. Ila kukataza peke yake hakumpi mtu kazi.

Maoni yangu: tuanze na jamu. Haipofushi mtu, haina kesi, na hata asiyekunywa pombe atapaka kwenye mkate. Mimi nimemaliza kidato cha nne, ajira sina, nikajaribu. Mara ya kwanza ilitoka kama sharubati kwa sababu nilitupa mbegu. Kumbe mbegu na ule weupe wa ndani ndio vinagandisha! Mara ya pili nikakata maganda membamba, mbegu nikazifunga kwenye kitambaa, nikaloweka vyote usiku kucha, nikachemsha mpaka ganda likalainika, ndipo nikatia sukari. Tone moja kwenye sahani ya baridi, likikunjamana ukilisukuma kwa kidole, imeiva.

Kikwazo sio ujuzi basi. Ni bei ya sukari, chupa za kioo zenye mifuniko, na alama ya TBS, ambao tangu 2019 ndio wanasimamia usalama wa chakula badala ya TFDA. SIDO wanafundisha usindikaji, ila ukitoka darasani bila mtaji unarudi kijiweni na cheti chako. Viongozi wanaotuambia tujiajiri waanzie hapo: chupa, mtaji mdogo, na njia fupi ya kupata hiyo alama.

La sivyo treni mpya itatuletea mamaledi haraka zaidi, basi.

Mnasemaje wadau? Na kama kuna anayejua wapi Tabora naweza kupata chupa za kioo kwa jumla, aniambie hapo chini. Sitanii.