Wakazi wa Kampala, tuuokoe Nakivubo kabla dawa hazijatuishia nguvu

Mvua kubwa ikinyesha, simameni kwenye daraja lolote la mfereji wa Nakivubo mtazame kinachopita. Maji meusi yenye utando wa oili ya gereji, plastiki, maganda ya vidonge, na kinyesi cha vyoo vya shimo vilivyotobolewa makusudi ili mvua ikizoe. Vyote hupita kando ya soko la Owino, vikashuka eneo la viwanda hadi ghuba ya Murchison kwenye Ziwa Victoria. Ghuba hiyohiyo, upande wa Ggaba, inatupa sehemu ya maji ya bomba.

Tumeambiwa dawa zinashindwa kwa sababu tunakatisha dozi na kununua antibiotiki bila cheti cha daktari. Ni kweli, na tuache. Lakini uchafu kama huu wa mfereji nao unalea usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na hilo halisemwi vya kutosha. Bakteria wanaoishi kwenye tope lenye risasi, shaba au zinki hulazimika kujikinga. Baadhi yao wana pampu ndogo sana za kutema sumu nje ya mwili, na kuna pampu zinazotema antibiotiki pia. Mara nyingine jeni ya kuhimili madini na ile ya kuhimili dawa hukaa pamoja kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria huweza kumpa jirani yake, hata wa jamii nyingine. Kwa hiyo betri kuukuu iliyomwagwa mtaroni inaweza kueneza usugu bila mtu kumeza kidonge. Ikichanganyika na kinyesi cha wagonjwa waliotumia dawa, Nakivubo inakuwa soko la kubadilishana usugu.

Mwaka 2019 maambukizi sugu yaliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Kwa kulinganisha idadi ya watu, Afrika kusini mwa Sahara iliumia kuliko kwingine kote. Inauma zaidi kwamba tulikuwa na kinga: mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo yaliyachuja maji haya kabla hayajafika ziwani. Tukayafyeka, tukapanda magimbi na miwa, tukajenga.

Basi kila baraza la kijiji (LC1) liitishe bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya usafi, na safari hii tusiishie kufagia. Wenye nyumba na wapangaji wachangie gari la kunyonya choo kabla ya mvua za Machi. Mafundi wa gereji wakusanye oili na betri, wasimwage. Famasi zikubali kupokea dawa zilizobaki. Mafunjo yaliyosalia yasiguswe tena.

Na tuwadai KCCA (mamlaka ya jiji), NEMA (mamlaka ya mazingira) na shirika la maji watangaze hadharani, kila msimu, kiasi cha madini na bakteria sugu kilichopimwa Nakivubo. Ibara ya 39 ya Katiba ya 1995 inampa kila raia wa Uganda haki ya mazingira safi. Barua ya madai iandikwe kwenye mkutano wa kijiji, isainiwe na wote waliohudhuria, mwenyekiti wa LC1 aipeleke mwenyewe kwenye ofisi zao na arudi na nakala iliyogongwa muhuri.