Kazi Yake Iko Wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa miongoni mwa watu watatu tulioketi kutathmini maonyesho ya picha ya binti mmoja anayehitimu. Alikuwa ametundika ukutani picha arobaini na moja. Tulipozihesabu, zake mwenyewe zilikuwa tisa tu. Kumi na mbili zilipigwa na wenzake wanne wa rika lake, vijana wanaozunguka bandarini, sokoni na katika vituo vya daladala wakiwa na kamera za kuazimana. Tano alizipiga mama yake kwa simu, jikoni na barazani. Kumi na tano zilizobaki zilitoka katika studio ya babu yake mzaa mama, aliyeifanya kazi hiyo Tanga tangu miaka ya sitini mpaka macho yalipomtupa mkono. Chini ya kila picha palikuwa na jina la aliyeipiga, mahali na mwaka. Na pale mwaka usipojulikana, binti yule aliandika waziwazi kwamba haujulikani.

Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliuzunguka ukumbi mara mbili, akavua miwani, akauliza: "Haya yote mazuri, lakini kazi yake iko wapi?"

Swali hilo si la kipuuzi. Chuo humtunuku mtu shahada kwa alichokifanya mwenyewe, si kwa alichokifanya babu yake. Nami nakiri kwamba siku ile sikulijibu. Nilikubali alama ya wastani, nikatia saini, nikaenda zangu nyumbani. Makala haya ni jibu nililopaswa kulitoa nikiwa bado kitini.

Tumezoea kumfikiria mpiga picha kuwa ni mtu mmoja, jicho moja na jina moja. Chukua mfano wa Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanza kazi akiwa kijana mdogo hapa hapa Dar es Salaam, ambako mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix. Picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliishtua dunia, na jina lake likawa kubwa kwa haki. Mwezi Juni 1991 alikuwa Addis Ababa wakati ghala la silaha lilipolipuka. Mlipuko ule ulimpokonya mkono wa kushoto. Mlipuko huo huo ulimuua John Mathai, Mkenya aliyekuwa akirekodi sauti kando yake. Mkono wa Amin umesimuliwa na wengi. Je, ni wangapi kati ya wanaousimulia mkono huo wanaoweza kulitaja jina la Mathai?

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Marekani ziliishambulia nyumba moja mjini Mogadishu. Waandishi wa habari waliokimbilia huko kupiga picha za waliouawa walivamiwa na umati wenye hasira, na wanne wao wakafa: Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia wa Reuters, pamoja na Hansi Krauss, Mjerumani wa Associated Press. Eldon alikuwa na umri wa miaka 22 na alikulia Nairobi. Mama yake alizikusanya shajara zake, zilizojaa picha na michoro, zikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1997. Dada yake akashiriki kutengeneza filamu kuhusu waandishi wanaokufa kazini. Baadaye ikaja filamu nyingine kuhusu maisha ya kijana yule. Simlaumu mama. Laiti kila mama angekuwa na uwezo huo! Ninachokisema ni kwamba Maina na Macharia, Wakenya wawili waliokufa siku ile ile kwa kazi ile ile, hutajwa mara nyingi katika sentensi moja tu, tena baada ya koma. Anayekumbukwa si lazima awe ndiye aliyeona zaidi. Ni yule aliyeacha nyuma yake watu wenye muda, fedha na wachapishaji.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Priya Ramrakha. Huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1935 katika ukoo wa wapiga chapa na watu wa magazeti. Mjomba wake, G. L. Vidyarthi, alikuwa mwenye gazeti la Colonial Times, lililoisumbua serikali ya kikoloni hadi akafungwa jela kwa kosa la uchochezi. Priya alianza kupiga picha kwa ajili ya gazeti hilo la nyumbani, akaenda kusoma Marekani, akarudi kuupiga picha uhuru wa Afrika ukizaliwa, kisha akauawa Biafra tarehe 2 Oktoba 1968 akiwa kazini kwa ajili ya majarida ya Time na Life. Kwa takriban miongo minne jina lake lilififia. Hakulifufua waziri wala mkuu wa makumbusho. Kijana mmoja wa ukoo wake, Shravan Vidyarthi, alianza kuwauliza wazee na kufuatilia mahali zilipo picha, na akazikuta katika gereji ya gari jijini Nairobi. Zikatoa filamu mwaka 2007 na kitabu mwaka 2018. Nusu karne baada ya risasi ya Biafra, tuliweza kuitazama kazi hiyo kwa sababu kijana mmoja aliona kwamba kuyaonyesha macho ya ndugu yake ni kazi inayostahili miaka ya maisha yake.

Sasa turudi Tanga. Babu wa binti yule aliacha makasha ya filamu ndani ya bahasha, kila bahasha na namba yake, na madaftari yenye majina ya wateja. Anayeijua mikanda ya zamani anajua kinachotokea kwenye joto na unyevu wa pwani. Filamu huanza kunuka siki, hujikunja, tabaka la picha hubanduka, na kasha moja likishaanza huambukiza la jirani. Binti alilifungua kasha la kwanza likamtoa machozi kwa harufu. Hakuna taasisi iliyomwita. Alinunua glavu za mpira dukani, akaazima taa ya mwanga mweupe, akawa anazipiga upya filamu zile moja moja kwa kamera ya rafiki yake, usiku, umeme ukiwapo. Wenzake wale wanne walipokezana naye, na picha zao kumi na mbili ukutani zilikuwa sehemu ya makubaliano: mnisaidie kuokoa za babu, nami popote nitakapopata ukuta, nanyi mna nafasi. Ni ujima wa kawaida kabisa, ambao wazee wetu wangeuelewa bila kuandikiwa tasnifu.

Alifanya jambo jingine ambalo katika fomu yetu ya alama halina kisanduku. Katika zile bahasha mlikuwa na picha za wanawake waliokwenda studio saa ya mchana uliotulia, mlango ukafungwa, wakavua buibui na kupigwa picha za kupelekewa mume aliye safarini. Zilikuwa picha za mtu mmoja kutazama, wala si za ukumbi. Binti alilibeba daftari la babu, akatembea mtaa kwa mtaa akiwatafuta wenyewe au watoto wao. Baadhi walilia kwa furaha, wakaomba nakala. Familia tatu zilikataa. Moja ya picha hizo tatu, aliniambia, ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote alizopata kuziona, na angeweza kuitundika bila yeyote kujua. Aliirudisha katika bahasha yake. Wapo watafiti wenye majina makubwa, nami nimewasoma, waliochapisha picha za bibi zetu bila hata kuuliza kama wana wajukuu.

Kuhusu majina, nitasema kwa ufupi kwa kuwa sheria ipo na iko wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha, na inampa aliyeitunga kazi haki ya kutajwa. Hata hivyo, fungua gazeti lolote kesho asubuhi utaona picha ambazo chini yake pameandikwa "picha na mtandao". Mtandao hauna kidole cha kubonyeza kamera! Hakuna kijana aliyeamka alfajiri kwa ajili ya picha ile anayepaswa kufutwa kwa maneno matatu. Katika ukumbi wa binti yule hapakuwa na picha hata moja ya "mtandao".

Kwa hiyo, kazi yake iko wapi? Iko katika kuchagua, katika kuokoa, katika kutafuta ruhusa, na katika kuiweka picha ya simu ya mama kando ya picha ya studio ya babu hata mtazamaji akagundua, kama nilivyogundua mimi kwa kuchelewa, kwamba mama huwaweka watu mbele ya dirisha vile vile alivyowaweka baba yake, ingawa hakuna aliyemfundisha. Mpiga picha wa maisha halisi hukusanya ushahidi. Hakimu gani amewahi kumdharau mleta ushahidi kwa sababu ameleta na mashahidi wengine? Mwenzangu atasema kwamba nimeupanua mno mpaka wa somo. Huenda. Lakini tukiubana mpaka huo kama tulivyofanya siku ile, tutakuwa tunawafundisha vijana kwamba njia ya kupata alama ni kuwaficha waliowashika mkono.

Nimeiandikia idara barua nikiomba alama ile itazamwe upya, na nimeambatanisha ombi la pili: kabati moja lenye kiyoyozi katika maktaba yetu, kwa ajili ya makasha ya Tanga na mengine yatakayofuata. Sijajibiwa. Binti hakungoja. Jumamosi hii anarudi kwa babu pamoja na wenzake wawili. Mzee haoni tena, ila wamegundua kwamba mtu akimwelezea picha, nani ameketi, nani amesimama, pazia la nyuma ni lile la minazi au lile la ngazi, yeye hunyamaza kidogo, kisha humtaja mteja kwa jina na mtaa aliokaa. Wamefika kasha la tatu. Yako saba.