Fahali Wawili wa Bukoba, Nyasi Ni Sisi

Ndugu Waislamu wa Bukoba na Muleba, wapo wanaotaka tuyasahau yaliyotokea katika Manispaa ya Bukoba. Hatuyasahau.

Mwaka 2013 Meya na Mbunge, wote wa CCM, walivutana juu ya ujenzi wa soko na miradi ya viwanja. Vikao vya Baraza la Madiwani vikakwama. Agosti mwaka huo chama mkoani kikawavua uanachama madiwani wanane. Ngazi ya taifa ikauzuia uamuzi huo. Januari 2014 ikasomwa mjini Bukoba ripoti ya ukaguzi maalumu ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Kila upande ulidai kumtetea mwananchi. Tunauliza: mwananchi yupi? Yule mama wa Kamachumu aletaye ndizi zake sokoni? Ushuru wake haukususia kikao hata siku moja.

Bajeti si mali ya Meya wala ya Mbunge. Ni jasho la walipa ushuru, na Baraza lisipoketi hakuna wa kuipitisha wala wa kuihoji.

Wala tusijitoe lawamani. Sisi tuliokaa vibarazani tukishangilia upande huu au ule tuliwapa wagomvi nguvu.

Uongozi ni amana, na mwenye amana huulizwa. Basi akija mgombea kuomba kura, tusimuulize ni wa kundi la nani. Tumuulize: ulihudhuria vikao vingapi, na ulihoji nini?

Wabillahi tawfiq.